Isyo Hunywa Mara Tatu

Nyumbani kwa Susu Kalunde, yaani Bibi Kalunde, hakukuwa na kitu kilichoitwa takataka. Sweta ikichanika viwiko iliingia guniani. Gunia lenyewe lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake, limejaa kupita kiasi: soksi zisizo na wenzao, vipande vya blanketi, pazia lililoungua pembe, na koti la marehemu mumewe ambalo panya walikuwa wamelitafuna mfuko. Mtu akimuuliza atayafanyia nini matambara hayo, alijibu, "Siku yake haijafika." Nthenya, mjukuu wake, alilisikia jibu hilo tangu akiwa mdogo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku yenyewe bado ilikuwa haijafika.

Nthenya alikuwa Gredi ya Sita katika shule moja isiyo mbali na soko la Kanyangi. Siku zake zilianza kabla ya jua. Aliteremka mtoni na punda, na mtoni hapakuwa na maji ya kuonekana, maana mito mingi ya Kitui wakati wa kiangazi hulala chini ya mchanga. Alichimba shimo, akasubiri maji yajikusanye, kisha akachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka mitungi minne ikajaa. Foleni ikiwa ndefu, alifika shuleni kengele imeshalia, akasimama mlangoni huku darasa zima likimtazama. Aliichukia sana ile nafasi ya mlangoni.

Lakini kiangazi hicho alikuwa na tumaini. Kijiji chao kilikuwa na mwethya, kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Leo wanalima matuta kwa huyu, wiki ijayo wanachimba mtaro kwa yule. Mwenye zamu halipi chochote ila chakula cha mchana, tena chakula cha kushibisha. Jumamosi ya pili ya Oktoba watu thelathini wangekuja kwa akina Nthenya kuchimba silanga, bwawa dogo la udongo la kukinga maji ya mvua. Silanga ikijaa, punda angepumzika na Nthenya angeketi kwenye dawati lake kabla ya kengele. Alikuwa ameshachagua hata mahali pa kupanda sukuma wiki.

Sasa, huku kwetu ukisema chakula cha kushibisha umesema isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka yalainike. Ni chakula kitamu, lakini hakina haraka. Susu Kalunde aliibandika isyo asubuhi na kuiepua alasiri, moto ukiwaka muda wote huo. Kila maji yalipopungua, aliongeza kata moja ya maji baridi.

"Isyo hunywa mara tatu," alipenda kusema. "Ya kwanza ni ya kiu, ya pili ni ya kiburi, ya tatu ndiyo ya kuiva."

Maneno hayo aliyapokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Mikono yake iliyajua kuliko hata mdomo. Angeweza kuwa anapepeta ndengu uani na kupiga soga na jirani, lakini wakati ukifika angeinuka, achote, amimine, arudi kwenye ungo wake bila kukatiza hadithi.

Alhamisi moja jioni, zamu yao ikiwa imebaki siku tisa, Wayua, mama yake Nthenya, aliketi jikoni akatazama fungu la kuni pembeni. Halikuhitaji kutazamwa kwa muda mrefu, maana lilikuwa dogo. Kile kilima walikookota kuni zamani kilikuwa kimebaki mawe, na makaa sokoni yalikuwa yamepanda bei kiasi kwamba watu walikuwa wakiyanunua kwa mikebe. Mumewe, ambaye alikuwa akipakia mizigo kwenye malori kule Emali, alikuwa ametuma alichoweza, na chote kilikuwa kimekwenda kwenye mahindi na maharagwe ya siku ile ya kazi.

"Mama," Wayua akamwambia Susu Kalunde, ambaye ni mama mkwe wake, "kuni hizi haziwezi kuivisha isyo ya watu kumi, sembuse thelathini. Jumapili baada ya ibada nitamwomba Kasyoka aturuke."

Kasyoka ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya.

"Aturuke mpaka lini?" Susu akauliza.

"Mpaka mwakani."

"Na mvua ya mwaka huu?"

"Itapita ikielekea mtoni, kama ilivyopita mwaka jana. Afadhali hiyo kuliko aibu. Umesahau ya Agosti?"

Hakuna aliyesahau ya Agosti. Nyumba moja ng'ambo ya bonde ilikuwa imewapa watu wa mwethya isyo ngumu. Watu walitafuna punje mbili tatu, wakatazamana, wakabeba majembe yao wakaenda. Shimo lilibaki nusu, na sasa kuku ndio waliokuwa wakioga vumbi humo.

Nthenya aliusukuma ugali wake kando. Aliona mwaka mwingine mzima wa kusimama mlangoni.

Kesho yake, Mwalimu Gikonyo aliingia darasani amebeba kikapu kilichofunikwa kwa mto wa kulalia. Mwalimu Gikonyo alikuwa mgeni kutoka Nyeri. Kikamba chake kiliwachekesha wanafunzi, naye hakukasirika. Alikuwa akijifunza neno moja kila siku na kulitumia vibaya siku mbili. Alikiweka kikapu mezani, akauondoa mto, akatoa sufuria. Alipofunua kifuniko, mvuke ulipanda, na harufu ya ndengu zilizoiva ikajaza darasa.

"Hizi nilizichemsha nyumbani kabla ya kuja shuleni," alisema. "Hazijaona moto tena. Jiko linachemsha, kikapu kinapika."

Kila mwanafunzi alipewa kijiko kimoja aonje. Ndengu zilikuwa laini kabisa. Mwalimu akaeleza kuwa chakula kikishachemka sawasawa, hakihitaji moto mwingi zaidi. Kinahitaji tu kisinyang'anywe joto kililonalo. Moto mwingi tunaouwasha mchana kutwa, alisema, hupasha hewa ya jikoni, na hewa haina njaa.

"Mwalimu, hata isyo?" Nthenya aliuliza, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Hata isyo. Iloweke usiku kucha. Jaza sufuria, maana sufuria nusu hupoa upesi. Ichemke kwa nguvu dakika arobaini, kisha uifunike na kuifunga vizuri katika nguo nzito. Iache saa sita. Na ukishaifunga, usichungulie. Anayechungulia ameiba joto."

Nthenya alirudi nyumbani mbio. Mama yake alimsikiliza huku akichambua maharagwe, na mwishowe akasema, "Haya, jaribu kesho, kwa sufuria ndogo. Lakini usiniharibie kuni."

Asubuhi ya Jumamosi Nthenya alisimama mlangoni kwa Susu Kalunde.

"Susu, siku ya gunia imefika."

Susu alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akashika mbavu. "Tangu lini kiondo kikapika, mwana wakwa? Kiondo ni cha kubeba mahindi kwenda kuyapika." Hata hivyo alilifungua gunia kwa mikono yake mwenyewe. Nthenya alichukua kiondo kikubwa cha mkonge akakitandika sweta chini na pembeni, akaacha nafasi ya sufuria katikati. Soksi zote alizishindilia ndani ya lile pazia lililoungua, akalishona, likawa mto wa kufunikia juu.

Isyo, iliyolowekwa tangu usiku, ilichemka kwa nguvu. Nthenya alihakikisha maji yamebaki vidole viwili chini ya ukingo wa sufuria, akafunika, akaitia ndani ya kiondo, akaweka mto juu na kukaza kwa koti la marehemu babu. Kisha aliutoa moto, akayazima makaa kwa mchanga ili yatumike tena. Mama yake alikwenda sokoni na ndengu za kuuza. Yeye alichukua punda akaenda mtoni, na njia nzima alikuwa akiimba.

Walipokutana uani saa nane, Nthenya alikifungua kiondo mbele ya mama yake. Hakuna mvuke uliopanda. Alipoiinua sufuria, maji yalimmwagikia miguuni, na hayakumchoma. Yalikuwa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Mahindi yalikuwa magumu vilevile.

Jirani yao Ndolo alikuwa amekuja kurudisha sepetu. Ndolo alikuwa mchapakazi hodari, lakini mdomo wake pia ulikuwa mchapakazi. Alikitazama kiondo, akatazama zile sweta, akaelewa.

"Kumbe mliyalaza mahindi kwenye blanketi," akasema. "Basi yamelala. Msiyaamshe, yana ndoto." Kisha akamgeukia Nthenya. "Susu yako amepika isyo miaka hamsini, wewe unamfundisha? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Wayua hakumgombeza binti yake. Alipiga magoti akawasha moto upya, akazitoa kuni alizokuwa akizibania, akaanza kuichemsha ile isyo tena. Sufuria moja ilikuwa imekula kuni mara mbili, na kesho Kasyoka angeambiwa awaruke. Nthenya alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Aliporudi, macho mekundu, Susu Kalunde alikuwa amesimama karibu na jiko. Maji yalikuwa yamepungua kwenye sufuria kwa mara ya kwanza. Susu alichota kata ya maji baridi kutoka kwenye mtungi, akamimina, akasema kama kawaida yake, "Hiyo ya tatu. Sasa itaiva."

Nthenya aliganda. Ya tatu? Tangu moto uwashwe upya, hiyo ilikuwa ya kwanza. Asubuhi yeye mwenyewe hakuongeza maji hata mara moja. Ya kwanza na ya pili zilimiminwa lini?

Akakumbuka alivyoacha maji vidole viwili chini ya ukingo, na jinsi yalivyommwagikia miguuni sufuria ilipoinuliwa. Maji hayazaani ndani ya sufuria. Alikwenda akaushika ule mto wa soksi. Upande wa chini ulikuwa umelowa.

Hasira ilimpanda. Alitamani kupiga kelele mama yake asikie, na Ndolo huko aliko asikie pia. Lakini alimtazama bibi yake, ambaye alikuwa akiirudisha kata mahali pake huku akizungumza na kuku, akaona wazi kwamba hakukusudia ubaya wowote. Huenda hata hakumbuki. Mikono yake ilikuwa imeinuka yenyewe, ikafungua, ikamimina, ikafunga, kama ilivyofanya miaka hamsini. Kumwambia mkubwa amekosea, tena mbele ya watu, si jambo ambalo Nthenya alifundishwa. Kunyamaza nako kungewagharimu silanga.

Alilifikiria jambo hilo hadi usingizi ulipomchukua, lakini kabla ya kulala aliloweka mahindi na maharagwe mengine.

Jumapili asubuhi alimfuata Susu kwenye kigoda chake.

"Susu, nataka kujaribu tena leo. Nitachemsha kwa magunzi, sitagusa kuni za mama. Lakini nahitaji mlinzi. Kiondo kikishafungwa, mtu asikifungue." Akainamisha macho, akaendelea polepole. "Hata kama ni kuongeza maji."

"Hata ya kiu?" Susu Kalunde aliuliza.

"Hata tone, Susu. Hapa hakuna moto wa kuyapasha. Maji baridi yanalimaliza joto lililofungwa."

Bibi aliitazama mikono yake, akaigeuza upande huu na upande ule, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine. "Nitalinda," alisema.

Wayua alikuwa amechoka kubishana. "Ni mara ya mwisho," alisema. "Ikishindikana, jioni nakwenda kwa Kasyoka."

Susu hakwenda kanisani siku hiyo. Alisema magoti yanamuuma, ingawa jana yake magoti hayo yalimfukuza mbuzi hadi barabarani. Nthenya na mama yake waliporudi kutoka kwenye ibada walimkuta ameketi mbele ya kiondo, bakora yake imelala juu ya koti la marehemu.

"Mikono iliniwasha mara mbili," alisema. "Nimeikalia."

Nthenya alifungua. Mvuke ulimpiga usoni akarudi nyuma. Alichukua haragwe moja akalibana kwa vidole viwili, likasagika. Akachukua punje ya hindi akamtilia mama yake kinywani. Wayua alitafuna, akameza, akachota kijiko kizima, kisha cha pili, akiwa bado amesimama na viatu vya kanisani miguuni.

"Leo siendi kwa Kasyoka," alisema, na Nthenya akamkumbatia kiunoni kwa nguvu hadi kijiko kikaanguka.

Jumamosi ya mwethya ilifika. Alfajiri hiyo sufuria tatu kubwa, mbili zikiwa za kuazima, zilichemka kwa zamu juu ya meko mawili. Viondo navyo vilikuwa vitatu. Gunia la Susu lilimalizika lote. Hata soksi moja haikubaki. Ilipofika saa moja asubuhi, moto ulikuwa umezimwa, viondo vimefungwa, na katika lile fungu dogo la kuni yalikuwa yamebaki magogo ya kutosha siku mbili tatu.

Watu walikuja na majembe, sepetu na karai, wakiimba. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali, lakini mikono thelathini na mikono thelathini ni mikono sitini. Kufikia saa nne shimo lilikuwa limefika magotini. Kufikia saa tano, Ndolo alinyoosha mgongo kupumzika, akatazama juu upande wa jikoni, akatazama tena.

"Jamani," alisema, "mbona sioni moshi?"

Majembe yalisimama moja baada ya jingine. Ni kweli, paa la jiko lilikuwa kavu na safi. Kwenye siku ya mwethya, moshi ndio ahadi. Mchimbaji huutazama akajua kuwa huko juu kuna mtu anayemjali. Watu walianza kunong'onezana, na neno Agosti likasikika mara mbili.

Kasyoka aliweka karai lake chini, akapanda jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haki na asiye na mzaha. Alikuta jiko limezimwa, majivu yamepoa, na Susu Kalunde amekaa kwenye kigoda, viondo vitatu mbele yake na bakora mkononi. Nthenya alisimama nyuma ya bibi yake.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba. Chakula kiko wapi?"

"Kiko ndani ya viondo. Kinaiva."

Kasyoka alimtazama, kisha akanyoosha mkono kuelekea kiondo cha karibu. Bakora ilishuka taratibu ikalala juu ya mto, katikati ya mkono na kiondo.

"Kasyoka, binti yangu," Susu alisema, "mimi nakuheshimu. Wewe ni mwenyekiti wa mwethya. Lakini mwenyekiti wa viondo hivi ni mimi. Havifunguliwi mpaka saa saba."

"Susu, nina watu thelathini wenye njaa. Wakikosa chakula hawatanisamehe."

"Na ukifungua sasa, watakikosa kweli."

Kasyoka aliurudisha mkono wake. Wayua, aliyekuwa akikata vitunguu, hakuweza kuinua uso. Mwishowe mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. "Saa saba," alisema. "Ikipita dakika moja bila chakula, tunafunga kazi. Siwezi kuwapendelea."

Hizo saa mbili zilikuwa ndefu. Nthenya alibeba maji ya kunywa kupeleka shimoni na kurudi, na kila alipofika Ndolo alimuuliza kama mahindi yameamka. Baadhi ya watu walicheka. Wengine walichimba polepole, kama watu wanaojua hawatamaliza. Nthenya alijiuliza kama alikaza vizuri kiondo cha tatu, kile chenye mkanda uliokatika. Alitamani kuchungulia kidogo tu. Alipokaribia, bakora ya Susu iliinuka.

"Hata wewe," Susu alisema.

Saa saba ilipogonga kwenye simu ya Kasyoka, watu wote walikuwa wamepanda uani, wamenawa mikono, wanangoja kimya. Wayua alikuwa amewasha moto mdogo wa magunzi na kukaanga vitunguu kwenye mafuta. Susu Kalunde aliinuka, akaondoa bakora, akampisha mjukuu wake.

Nthenya aliondoa mto wa kwanza, akafunua kifuniko. Mvuke mweupe ulipanda juu ya vichwa vya watu, mwingi, mzito, ukapita paa la jiko.

"Ndolo," mtu mmoja akasema, "moshi wako huo."

Watu walicheka, na kicheko hicho hakikuwa cha kumcheka Nthenya. Kiondo cha pili kikafunguliwa, na cha tatu, hata kile chenye mkanda uliokatika. Isyo ilikuwa imeiva yote. Ilirudishwa kwenye moto kidogo tu, ikachanganywa na vitunguu, ikachemka mara moja, ikapakuliwa. Kwa muda hakuna aliyezungumza, na ukimya wa watu wanaokula ni mzuri kuusikia. Ndolo alikula sahani ya kwanza bila kuinua kichwa. Alileta sahani mara ya pili, na mara ya tatu aliituma na mtoto, maana aliona aibu.

"Huyu msichana amefanya nini?" Kasyoka aliuliza. "Nataka kujua, zamu yangu ni mwezi ujao na sina kuni."

Nthenya alifungua mdomo kueleza, lakini Susu Kalunde aligonga bakora chini.

"Nitaanza mimi," alisema. "Wiki iliyopita mtoto huyu alipika hivihivi, isyo ikatoka ngumu. Ndolo alikuwepo, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa nisikilizeni. Mimi ndiye niliyekifungua kiondo mara mbili, nikatia maji baridi, kwa mazoea ya mikono hii. Nthenya alijua, na hakunitangaza. Alikuja kwangu peke yake akaniambia kwa adabu. Guu lililovunjika, Ndolo, lilikuwa langu."

Si kila siku mtu wa miaka sabini na sita husimama mbele ya kijiji kizima akasema nimekosea. Nthenya alihisi machozi yakimjia, na safari hii hakwenda kuyaficha nyuma ya nyumba.

Ndolo aliweka sahani chini, akapangusa mdomo. "Basi na mimi nisipitwe," alisema. "Nthenya, nilikucheka bure. Nipe sepetu, twende tukamalize shimo lako."

Walimaliza. Walichimba hadi jua likawa jekundu, wakashindilia kuta, wakakata mtaro wa kuleta maji kutoka barabarani. Watu walipoondoka, Kasyoka alikuwa ameazima kiondo kimoja na mto wake wa soksi, na wanawake watano walikuwa wakimuuliza Susu kama ana matambara mengine. Alijibu kwa fahari kwamba yamekwisha, wakatafute ya kwao.

Mvua ilinyesha wiki tatu baadaye. Ilinyesha siku mbili mfululizo, na maji mekundu yakaja yakikimbia kwenye mtaro, yakaingia silanga, yakazunguka, yakatulia. Asubuhi ya tatu Nthenya alishuka hatua arobaini tu kutoka mlangoni, akajaza mitungi ya kufulia, kuogea na kumnyweshea punda. Siku hiyo mwanafunzi wa kwanza kuingia darasani alikuwa yeye. Mwalimu Gikonyo alipofika, alimkuta ameketi, mikono imekunjwa juu ya dawati, akitazama mlango.

Jioni alimkuta Susu amekaa ukingoni mwa silanga, kata mkononi. Nyuma yao, jikoni, kiondo kilikuwa kimefungwa.

"Maji sasa ni mengi," Susu alisema. "Je, nikaongeze kata moja kwenye isyo?"

Nthenya alishtuka, kisha akaona bibi yake anajizuia kucheka.

"Miaka yote nilidhani kuweka akiba ni kutotupa," Susu aliendelea. "Nikajaza gunia. Lakini moto je? Nilikuwa nauwasha mchana kutwa, tena nikiumwagia maji juu. Kuweka akiba, mwana wakwa, ni kukiacha kila kitu kimalize kazi yake: sweta imalize, moto umalize, tone la mvua limalize. Na mtu naye akigundua amekosea, aseme, asiuharibu muda wa wengine kwa kiburi. Hiyo ndiyo kata ya pili, nami nimeshainywa."

Aliinama, akachota maji ya silanga kwa ile kata, akayamwaga polepole kwenye shina la mche wa kwanza wa sukuma wiki.